Vayoleti ya Usambara: majani tele, maua hayaonekani

Shangazi yangu alipohama Muheza kuja kukaa na mwanawe Dar es Salaam, alipakata kopo moja la vayoleti njia nzima ndani ya basi. Kule Muheza kopo lile lilikaa barazani, chini ya ukingo wa paa, na halikukaukiwa maua. Huku liliwekwa sebuleni juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa cha kufuma, likamwagiwa maji kila asubuhi. Nilipokwenda kumsalimia, mwaka na miezi ilikuwa imepita. Majani yalikuwa mapana kama visahani, kijani kimekolea mpaka kinakaribia weusi, na vikonyo vyake vimerefuka na kunyanyuka juu kama mikono inayoomba dua. Ua, hakuna hata moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Njoo umwone huyu mgonjwa wangu. Anakula, ananenepa, lakini hazai."

Malalamiko haya nimeyasikia kwa watu wengi, kila mmoja na maelezo yake: limekataa hewa ya mjini, ni dume, limezeeka, limetupiwa kijicho. Nimeishi na mimea hii miaka mingi na nimepoteza kadhaa kabla sijaielewa, na leo naamini kwamba karibu kila vayoleti iliyogoma inaweza kurudi kwenye maua. Kinachowakwamisha watu ni ushauri uliochanganyika. Mmoja anakwambia inapenda kivuli, mwingine anakwambia ipe jua. Huyu anasema mbolea, yule anasema chungu kikubwa. Sehemu kubwa ya maelekezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani, ambako dirisha la kaskazini halioni jua na mwaka una majira ya theluji. Ukiyachukua yalivyo na kuyaleta Tanga au Nairobi, yatakupoteza.

Tuanze mahali mmea wenyewe ulipotoka, maana maelezo yote yako huko.

Mwenyeji wa miamba

Vayoleti hii si ndugu wa vayoleti za Ulaya, ila rangi ya maua tu ndiyo iliyowafanya watu wafananishe. Wajerumani mpaka leo wanaiita vayoleti ya Usambara, nami nalifuata jina hilo kwa sababu linataja nyumbani kwake. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga, aliikusanya na kuipeleka kwa baba yake Ujerumani. Ikafika mikononi mwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaipa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha. Hakuwa Mzungu wa kwanza kuipata. Sir John Kirk, aliyeiwakilisha Uingereza Zanzibar, alikuwa amekwisha kupeleka sampuli kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mwaka 1884, na mwaka 1887 akafuata W. E. Taylor, mmisionari yule yule aliyekusanya methali na mashairi ya Kiswahili huko Mombasa. Sampuli zao zilikuwa duni mno, wataalamu wakashindwa kuzitolea maelezo.

Kutoka kwenye mimea michache ile ndipo zilipozaliwa vayoleti zinazouzwa madukani dunia nzima. Mwaka 1926 kampuni ya maua ya Armacost and Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ulaya, ikaotesha miche mingi na kuchagua kumi iliyo bora. Leo aina zilizozalishwa na binadamu ni maelfu: nyeupe, waridi, zenye petali za kukunjamana, zenye majani yenye mabaka. Hata jina la kisayansi limebadilika. Mwaka 2015 wataalamu waliihamishia ukoo wa Streptocarpus baada ya uchunguzi wa vinasaba, lakini wakulima wa maua wengi bado wanasema Saintpaulia.

Aina za porini ziko kwetu tu, Tanzania na Kenya. Ziko Usambara ya Mashariki kuzunguka Amani, Usambara ya Magharibi, Uluguru, Nguru, zipo kilima cha Mbololo kule Taita, na zipo kwenye miamba ya chokaa ya Cha Simba katika kaunti ya Kilifi. Nyingine zimebaki kwenye sehemu ndogo kiasi kwamba msitu mmoja ukikatwa aina hiyo inaweza kutoweka. Kwa hiyo ukitembea huko na ukaiona, itazame, iache. Jani moja la jirani litakupa mmea, kama utakavyoona mbele.

Na ukiitazama, tazama vizuri. Haioti kwenye udongo mzito wa bondeni. Imeng'ang'ania ubavu wa jiwe, mara nyingi karibu na kijito, mizizi yake mifupi imejibana kwenye ufa wenye kiganja kimoja cha mboji na kuvu la kijani. Mvua ikinyesha maji yanapita na kuteremka, hayatuami. Hewa ina unyevu wakati wote. Juu kuna matawi ya miti mirefu yanayochuja jua, lakini mbele ya jiwe pana uwazi, na mwanga wa mbingu unaingia tangu asubuhi mpaka jioni.

Hapo ndipo neno "kivuli" linapotudanganya. Kivuli cha msituni mbele ya mwamba si giza la sebuleni. Jicho letu linajirekebisha haraka, tukiingia ndani tunaona vizuri tu na tunadhani pana mwanga wa kutosha. Mmea haurekebishi chochote. Mwanga unapimwa kwa luksi, na jua la saa sita mchana linatoa karibu luksi 100,000. Vayoleti inafurahia kama luksi 5,000 mpaka 10,000, yaani sehemu ndogo ya jua kali. Lakini mita tatu kutoka dirishani, hasa dirisha lenye pazia na ukingo mrefu wa paa, mara nyingi unabakiwa na mia chache tu. Kwa shangazi nilipima kwa programu ya simu, ambayo si kipimo cha maabara lakini inatosha kulinganisha: juu ya kabati la vyombo ilisoma 140.

Ua linatoka kwapani

Ulete mmea wako kwenye mwanga, ufunue majani taratibu kwa kidole, uangalie pale kikonyo cha jani kinaposhikana na shina. Pana pembe ndogo pale. Hilo ndilo kwapa la jani, na kila ua la vayoleti linatoka hapo. Halitoki nchani wala mizizini. Kwapa likishatoa vikonyo vyake vya maua, vikachanua na kunyauka, kwa kawaida limemaliza kazi yake. Majani ya chini yaliyozeeka, hata yawe makubwa na ya kupendeza kiasi gani, hayana tena ua ndani yake.

Ukishalijua hili, mengi yanajinyoosha yenyewe. Maua mapya yanadai majani mapya. Mmea ambao hauongezi majani katikati hauwezi kuongeza maua, na mmea unaoongeza majani lakini haupati mwanga wa kutosha unaanza tumba kisha unaliacha life likiwa dogo kuliko punje ya mtama. Jani linajengwa kwa mwanga, na ua linatolewa kwenye ziada. Wa shangazi ulikuwa na kipato cha kula tu, akiba hakuna.

Kuna jambo jingine linalojificha kwapani. Badala ya ua, kwapa linaweza kutoa mtoto, yaani chipukizi la pembeni linalotaka kuwa mmea kamili. Watoto hawa wakiachwa, kopo moja linakuwa na vichwa vitatu au vinne vinavyogombania mwanga na chakula, na maua yanapungua au yanakatika kabisa. Watu wanafurahi wakidhani mmea umestawi. Vayoleti ya kawaida inachanua vizuri ikiwa na kichwa kimoja, isipokuwa zile aina za kutambaa ambazo maumbile yake ni ya vichwa vingi.

Kutofautisha mtoto na tumba kunahitaji subira ya siku chache. Tumba linatoka likiwa limeinamisha kichwa kama ndoana yenye manyoya, na kikonyo chake kinarefuka haraka. Mtoto anatoka na vijani viwili, kisha vinne, vimekaa kama waridi dogo. Ukiona vijani vinne huna haja ya kujiuliza tena: mng'oe kwa kijiti cha meno au ncha butu ya penseli, umtoe na kitako chake, usijeruhi shina. Huyo mtoto ukimpanda peke yake ataota.

Mwanga

Nitakaa hapa kwa kirefu, kwa kuwa katika mimea kumi iliyogoma niliyoletewa, minane au tisa shida yake ilikuwa hii.

Vitabu vya Ulaya vinapendekeza dirisha la mashariki au la kaskazini. La mashariki ni sahihi hata kwetu: jua la asubuhi mpaka saa tatu au saa nne ni laini, linaingia na kuondoka kabla halijawa kali. Dirisha la magharibi linaleta jua la alasiri ambalo katika Dar es Salaam au Mombasa linachoma, ila ukiweka pazia jepesi la wavu linafaa. Kuhusu kaskazini na kusini sahau vitabu. Sisi tuko karibu na ikweta na jua letu linahama. Kati ya Aprili na Septemba liko upande wa kaskazini, na kati ya Novemba na Januari liko kusini. Dirisha lako la kaskazini linalokuwa na kivuli wakati wa Krismasi linapigwa na jua mwezi wa sita, labda ukingo wa paa uwe mrefu. Basi usimpe mtu ushauri wa dirisha kabla hujamuuliza ni mwezi gani.

Kuna njia ya kupima isiyohitaji simu. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuuweka mmea, nyanyua mkono wako kama shubiri moja na nusu juu yake, utazame kivuli. Kivuli chenye kingo kali kama kimekatwa kwa mkasi kinakwambia jua ni kali mno. Ukiona kivuli hafifu ambacho vidole vyake bado vinahesabika, umepata mahali. Usipoona kivuli kabisa, au ukaona wingu la kijivu tu, utapata majani bila maua hata ukiusubiri mmea miaka mitatu.

Mmea wenyewe nao unasema. Vikonyo vikirefuka na majani kunyanyuka na kukolea, unatafuta mwanga. Majani yakipauka, yakawa na madoa ya kahawia yaliyokauka, na yakajikunja chini kukumbatia kopo, mwanga umezidi. Majani yaliyolala sawasawa kama sahani, yakitandazika kuzunguka kitovu, ndiyo dalili ya mmea ulioridhika. Uzungushe robo duara kila wiki, la sivyo utaegemea dirishani na kuchanua upande mmoja.

Nyumba ambayo haina dirisha la maana, na flati nyingi za mijini ziko hivyo, inasaidiwa na taa. Haihitajiki taa maalumu ya bei kubwa. Taa ndefu nyeupe ya LED ikining'inizwa sentimita 20 mpaka 30 juu ya majani, ikiwaka kwa muda wa saa 12 hadi 14, inatosha, na nimeona vyumba vya ndani kabisa visivyo na dirisha vikiwa na vayoleti zenye maua kuliko za barazani. Usiku izime. Mmea unahitaji giza la muda wa saa nane hivi, kwa hiyo aliyeacha taa ikiwaka usiku na mchana kwa kutaka maua ya haraka anaudhulumu mmea.

Chungu kidogo, udongo mwepesi, maji kwa kiasi

Kumbuka ule ufa wa jiwe. Mizizi ya vayoleti ni midogo na haizami. Ukiiweka kwenye ndoo, udongo usioguswa na mizizi unashika maji, unachacha, na mizizi inaoza, na hata ikinusurika mmea utashughulika na kutafuta mizizi kwanza. Kipimo kinachotumiwa na wakulima ni theluthi: mmea wenye majani yaliyotandazika sentimita 30 unakaa kwenye chungu cha sentimita 10 mdomoni. Mizizi ikibanwa kidogo, ndipo unapochanua kwa moyo.

Udongo wa bustanini, hasa ule mwekundu wa mfinyanzi, haufai peke yake. Mimi natumia makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa vizuri kutoa chumvi, nusu yake mboji ya majani iliyooza kabisa, na nusu nyingine ya kulegeza: pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, au perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za kuchanganya na udongo, kwa anayeipata, au vijiwe vyepesi vya volkano kwa walio karibu na Naivasha. Ukiuminya mkononi ukiwa na unyevu, unashikana kisha unasambaratika ukiuchokoa. Badilisha udongo huu kila baada ya miezi sita mpaka mwaka, hata kama chungu ni kile kile. Wakati huo ng'oa majani ya chini yaliyochoka, na shina likionekana limekuwa na shingo tupu, lizamishe.

Maji ya kila asubuhi ndiyo yaliyokuwa yanaua mizizi ya shangazi. Mwagilia pale udongo wa juu ukiguswa kwa kidole unapokuwa umekauka, na kwa nyumba nyingi za pwani hiyo ni mara mbili kwa wiki, ama mara moja wakati wa kipupwe. Njia nzuri ni kuweka maji kwenye kisahani chini ya chungu, uache yanyonywe kwa nusu saa, kisha umwage yaliyobaki. Wenye mimea mingi hutumia utambi: uzi wa nailoni unaopita tundu la chungu na kuzama kwenye chombo cha maji chini yake, na chungu kinanyonya kidogo kidogo kama kibatari kinavyonyonya mafuta. Uzi wa pamba unaoza, usiutumie.

Maji ya baridi usiyamwage juu ya majani. Haya majani yenye manyoya yana seli chini ya ngozi zinazopasuka yakipozwa ghafla, na baada ya siku moja utaona miviringo myeupe au ya njano ambayo haiondoki maisha yote ya jani. Watu wanaitibu kama ukungu, wananunua dawa, na kumbe ni maji ya bomba ya alfajiri ya Lushoto au Limuru. Maji yaliyolala ndani ya nyumba usiku mzima yanakuwa na joto la chumba, na hayo ndiyo ya kutumia.

Pwani kuna adha ya ziada, nayo ni maji ya kisima yenye chumvi. Yanajenga utando mweupe kwenye mdomo wa chungu na juu ya udongo, na kikonyo cha jani kinachogusa utando huo kinaoza pale pale. Kinga maji ya mvua ukiweza. Ukishindwa, mara moja kwa mwezi pitisha maji safi mengi kutoka juu yaoshe udongo na kutokea chini. Chungu cha udongo kina faida kubwa wakati wa joto, kwa kuwa kinatoa jasho na kupoza mizizi kama mtungi unavyopoza maji, lakini ndicho kinachokusanya chumvi zaidi mdomoni. Yeyusha mshumaa, uchovye ule mdomo ufunikwe na nta, shida imekwisha.

Mbolea inayonenepesha

Wengi wakiona mmea hautoi maua wanakimbilia mbolea, na iliyo karibu ni urea au CAN iliyobaki shambani. Hizo ni mbolea za naitrojeni, na naitrojeni inajenga majani. Umeongeza kile ambacho mmea unacho tele. Urea tena inaichoma mizizi midogo hii. Wengine wanatafuta mbolea yenye fosforasi nyingi kwa kuwa mkebe umeandikwa "ya maua", lakini fosforasi haigeuzi giza kuwa mwanga. Mmea usio na mwanga wa kutosha hauwezi kutumia hata mbolea uliyonayo.

Kilicho bora ni mbolea ya majimaji yenye mizani, mfano NPK 20-20-20 iliyoyeyushwa kwa robo ya kipimo cha kwenye pakiti, ukiichanganya na maji ya kumwagilia. Kidogo, mara kwa mara. Kitovu cha mmea kikianza kuwa na rangi ya kutu na majani ya katikati yakawa magumu na kubanana, umezidisha. Osha udongo kwa maji na upumzike mwezi mmoja.

Joto, na ile gesi ya kuvundika ndizi

Vayoleti inapenda joto ambalo binadamu aliyevaa shati jepesi analipenda: nyuzi 18 mpaka 26. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15, kama Nairobi mwezi wa saba, ukuaji unapungua, na mawingu ya majira hayo yanapunguza mwanga pia, kwa hiyo maua yakikatika hapo usihangaike sana. Pwani tatizo ni kinyume. Miezi ya kaskazi joto linapanda zaidi ya nyuzi 30 na maua yanatoka machache, madogo, yaliyopauka. Ishushe mimea karibu na sakafu ambako ni baridi zaidi, iondoe chini ya bati lisilo na dari, na ipange juu ya sinia la kokoto lenye maji ambayo hayagusi chungu. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wana joto la nje lisilovumilika, lakini ndani kiyoyozi kinawapa nyuzi zilizo sawa kabisa. Kinachowaponza ni hewa kavu, na sinia la kokoto linawafaa kuliko sisi. Mmea usikae kwenye njia ya upepo wa kiyoyozi.

Sasa hili ambalo watu hawalitarajii. Nilikuwa na mimea mitatu kwenye dirisha la jikoni, mwanga safi wa mashariki, yote ina matumba. Ilikuwa ikichanua leo, kesho asubuhi maua yameanguka mazima mazima, bado yana rangi, hayajanyauka. Niliwalaumu panya.

Kila anayejua kuvundika ndizi atanielewa. Unazifunika shimoni, unapitisha moshi, na baada ya siku chache zimeiva. Kinachoziivisha si joto peke yake. Ni gesi iitwayo ethilini, iliyomo kwenye moshi na inayotolewa pia na matunda yenyewe yanapoiva. Mmea unaisoma gesi hiyo kama amri ya kuiva, kuzeeka na kupukutisha. Na vayoleti ni miongoni mwa maua yanayoisikia haraka: kiasi kidogo kinatosha kuliachisha ua mkono ndani ya siku moja. Jikoni kwangu palikuwa na jiko la mkaa na chane la ndizi linaloning'inia hatua mbili kutoka dirishani. Nilihamisha mimea, wala sikuongeza dawa wala mbolea, na maua yaliyofuata yalikaa.

Wadudu nawataja kwa ufupi, kwa kuwa wana alama zao wazi. Ukiona unga wa manjano umemwagika juu ya petali, hao ni vithiripi wanaopasua vifuko vya chavua. Ng'oa maua yote na matumba yote, uyatupe mbali, na utenge mmea. Vidung'ata wanaonekana kama pamba makwapani; wafute kwa kijiti kilichochovywa spiriti. Kitovu kilichobanana, cha kijivu, chenye manyoya mengi kuliko kawaida kina utitiri usioonekana kwa macho, na mmea huo ni heri kuuaga kabla haujaambukiza mingine.

Kwa shangazi hatukufanya mengi. Tuliutoa kwenye kopo, tukakata mizizi iliyooza, tukang'oa watoto wawili na majani sita ya chini, tukaupanda kwenye chungu cha sentimita 10. Kabati la vyombo likarudishiwa kitambaa chake, na vayoleti ikaenda dirisha la mashariki la chumbani kwake, nyuma ya pazia la wavu. Nilimwambia asitegemee ua kabla ya miezi miwili au mitatu, maana mmea lazima kwanza uote majani yaliyojengwa kwenye mwanga huo mpya, na kwapa la jani jipya ndilo litakalozaa.

Wiki ya kumi alinipigia simu usiku. "Kuna kitu kimejikunja kama ndoana, kina manyoya. Nimekihesabu, viko vitatu." Zilipita kama wiki nne ndoana ya kwanza ikanyooka na kufungua ua la zambarau lenye jicho la manjano, na nyuma yake matumba sita kwenye kikonyo kile kile.

Jirani yake alitaka mche. Tulichagua jani la safu ya pili kutoka nje, ambalo si bichi wala halijazeeka, tukalikata kwa wembe safi tukiliachia kikonyo cha sentimita tatu, mkato wa mshazari. Tukalichomeka kwenye gilasi ya makumbi yenye unyevu na kuifunika kwa mfuko wa nailoni. Mizizi ilitoka baada ya wiki nne. Sasa ni mwezi wa tatu, na chini ya jani lile vimechomoza vijani vitano, kila kimoja kama ukucha wa mtoto mchanga.